Jumamosi Nitauona

“Nipe hiyo barua, Wahu.”

“Uliileta mwenyewe. Ilikuwa ndani ya faili, kati ya sura ya kumi na tisa na ya ishirini. Mimi sikupekua mfuko wa mtu.”

“Haikuwa ya kupigwa taipu.”

“Najua. Ndiyo maana niliisoma.”

Lazarus Odhiambo alisukuma mlango wa ofisi kwa kisigino mpaka ukafungika, akabaki amesimama palepale, kofia mkononi. Alikuwa amepanda ngazi za ghorofa tatu mbiombio na pumzi haijamrudia. Wahu hakumwambia keti. Mezani mbele yake palikuwa na taipureta ya ofisi, kikombe cha chai alichokimimina na kukisahau, na rundo la karatasi ambalo kwa miezi minane alikuwa amelipenda karibu kama alivyompenda mwenye kuliandika.

Ilikuwa Jumamosi, saa tano asubuhi. Wakili mwenye ofisi hakushuka mjini siku hiyo. Jumamosi zake alizimalizia Kitisuru na wajukuu, na Wahu alikuwa na ruhusa ya kutumia mashine hadi saa saba. Saa tisa alasiri, huko Muthangari, wazee wa kina Odhiambo walitazamiwa kuingia nyumbani kwa Mzee Haron, babake Wahu, kumposa. Mbuzi alichinjwa alfajiri. Mamake alikuwa amekoroga uji wa wimbi tangu Alhamisi ili uchachuke vizuri. Shangazi watatu walikuwa wamekwisha fika na viti vya kanisa vilikuwa vimekwisha azimwa.

“Nikusomee, au unaijua kwa moyo?” Wahu aliuliza.

“Wahu.”

“‘Bwana Odhiambo,’” akasoma, kwa sauti kavu ya kazini, kama anayemsomea wakili hati ya shamba. “‘Tumeusoma mswada wako wa mkono. Mwanzo ni mzuri, bali mwisho umepoa. Unatuambia kwamba wageni hawakuja, na kwamba msichana aliumia. Sisi hatumwoni. Uso wake ukoje anapotambua kwamba hawaji? Ukiweza kutuonyesha uso huo, kitabu tutakichapa.’” Akainua macho. “Hayo ni ya mhariri. Sasa tuje hapa pembeni, kwa penseli. Mwandiko huu si wa mhariri. Huu naujua, nina barua zake sanduku zima. ‘Jumamosi nitauona.’”

Kule chini gari lilipiga honi, na wingu lililotanda tangu asubuhi likazidi kushuka juu ya mapaa ya mji.

“Jumamosi ni leo,” Wahu alisema.

“Nilikuwa nafikiri kwa penseli tu. Mtu huandika mambo mengi pembeni.”

“Na wewe ukishaandika, unafanya.”

“Nani amekuambia hivyo?”

“Kanini.”

Jina hilo lilimpiga. Wahu aliona kofia ikigeuka mkononi mwake, mara moja, mara mbili.

Kanini ndiye aliyekuwa msichana wa kitabu chake cha kwanza. Alibadilishwa jina, akaachiwa mengine yote: kovu la kidevuni, kigugumizi chake akikasirika, hata jinsi alivyopoteza mimba. Kitabu kilisomwa sana. Watu walikisoma ndani ya treni wakalia, kisha wakamwonyesha Kanini kidole kwenye foleni ya basi. Sasa alikuwa akishona sare za shule katika duka moja huko Adams Arcade, na hakuwa na rafiki wa kumwambia siri. Jumanne iliyopita alikuwa amepanda ngazi hizi hizi, mwanamke mrefu aliyejifunga kitambaa cha kahawia, akasimama mlangoni bila kuingia. Hakujitambulisha. Aliuliza swali moja tu.

“Umefika sura ya ngapi?”

“Ya kumi na nane,” Wahu alikuwa amemjibu, akimdhania mteja wa wakili aliyepotea.

“Ukifika ya mwisho, isome kabla hujaipiga taipu.” Akashuka zake, na harufu ya pamba mpya ikabaki mlangoni. Kovu la kidevuni ndilo lililomjulisha Wahu baadaye kwamba yule alikuwa nani.

Lazima ieleweke kwamba mpiga taipu mzuri hasomi. Hilo Wahu alifunzwa chuoni wiki ya kwanza: macho yashike neno, vidole vilitoe, kichwa kikae mbali. Ukianza kusoma, unakosea. Kwa hiyo alikuwa amepiga kurasa mia mbili na kumi za mpenzi wake, nakala safi na kopi mbili za kaboni, bila kujua zinasema nini zaidi ya mfungaji parseli anavyojua kilichomo ndani. Na Lazarus alikuwa akimsomea vipande alivyovichagua mwenyewe, saa ya chakula, kwenye benchi la bustani ya Jeevanjee, na vipande hivyo vilikuwa vitamu.

Baada ya Kanini kuondoka, alizitoa kopi akazisoma. Ndipo usingizi ulipomwisha.

“Chukua ukurasa huu,” alisema sasa, akauvuta kutoka kwenye rundo. “Sura ya saba. Wapo nje ya sinema ya Adams, mvulana anamwambia msichana, ‘Wewe ni mzuri, Rahabu, lakini uzuri wako hauna swali ndani yake.’ Unayakumbuka maneno hayo?”

“Nakumbuka.”

“Uliniambia mimi. Nje ya sinema ile ile. Nililia mpaka nikashindwa kuingia. Ukanifuata, ukaniomba msamaha, ukasema ulikuwa umechoka na kazi, hukujua unasema nini.” Akaweka kidole chini ya ukurasa, mahali ambapo kila mpiga taipu aliyesomea kazi huweka herufi za majina na tarehe. “Soma hapa.”

“Wahu, tuache tarehe.”

“Soma.”

“Tarehe nne Machi.”

“Sinema tulikwenda tarehe kumi na nane. Kwa hiyo niliyapiga maneno hayo kwa vidole vyangu wiki mbili kabla hujaniambia. Na jibu nililokupa siku ile liko wapi? Liko hapa, limebandikwa baadaye kwa gundi. Neno kwa neno. Hata ‘niache nipenge kamasi.’”

Lazarus akatabasamu bila kutaka. “Lile lilikuwa jibu zuri.”

Hapo Wahu alimtazama kama anayemwona mtu usiku kwa mwanga wa radi. Hakuwa mtu mbaya wa uso. Alikuwa na macho mapole yaliyochoka kwa kusahihisha magazeti ya watu kwenye mtambo wa kuchapa, na vidole virefu vyenye wino usiotoka kwa sabuni. Siku ya kwanza alipomwangalia kwa macho hayo, kwenye kaunta hii hii, Wahu alihisi kwamba tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumwona. Nyumbani walikuwa watoto sita. Mama huhesabu vichwa, hatazami nyuso. Lazarus alimtazama akimenya chungwa. Alimtazama akifunga viatu. Na yeye, mjinga, alijinyoosha kama ua linalonyweshewa maji.

Mamake, Muthoni, aliliona mapema. Siku Lazarus alipoletwa kunywa chai, aliandika kitu kwenye kijitabu huku wengine wakila. Alipoondoka, Muthoni alikusanya vikombe akasema, “Mtu anayeandika wakati wenzake wanakula ni mgonjwa au ni mpelelezi. Huyu hana homa.” Wahu alimnunia wiki nzima. Mzee Haron naye, ambaye ni mzee wa kanisa na hasemi mara mbili, alichukua miaka miwili kukubali mtu wa ziwani, wa kabila jingine. Mwisho alisema, “Aje na wazee wake niwaone. Lakini ukiniketisha mbele ya kanisa langu na shangazi zako, kisha viti vya wageni vibaki vitupu, usinitajie mwanamume mwingine katika nyumba hii. Nitakutafutia mimi.” Na alikuwa amekwisha mpata, kila mtu alijua: Ephantus, mgane mwenye ng'ombe kumi na wawili na meno machache kuliko hao ng'ombe.

“Ulitaka kukaa wapi?” Wahu aliuliza.

“Kukaa?”

“Leo saa tisa. Ili uuone uso wangu. Mtu hawezi kuuona uso wa mwenzake akiwa kwake chumbani Makongeni.”

Lazarus alivuta kiti cha wateja akaketi bila kukaribishwa. Alipoanza kusema, sauti yake ilikuwa ya chini, karibu ya haya.

“Kwa Mukonyo.”

“Mukonyo yupi?”

“Fundi viatu, ng'ambo ya lango lenu. Nilimwomba aniwekee kiti nyuma ya kibanda. Mabati yana mwanya, mtu anaona hadi barazani.”

Wahu alikiona kibanda kile kwa macho ya akili, mabati yake yenye kutu, viatu vilivyoning'inia kwa kamba. Kila siku alimsalimu Mukonyo akienda kazini. Jana jioni mzee yule alikuwa amemjibu huku akiangalia chini, akitafuta msumari ambao haukuwa umeanguka.

“Kwa muda wa saa mbili tu,” Lazarus aliharakisha. “Sikiliza, mpenzi. Saa mbili. Saa kumi na moja ningeingia na mjomba Isaiah na ndugu zangu wawili. Ningesema basi liliharibika. Ungefurahi mara mbili. Hakuna ambaye angejua.”

“Mjomba Isaiah.”

“Ndiyo. Yuko tayari.”

“Nilimpigia simu saa tatu.”

Kofia ikaacha kuzunguka.

“Kule stesheni, kwa nambari uliyonipa mwenyewe,” Wahu akaendelea. “Nilitaka kumwuliza kama wazee wanakunywa uji uliochacha au wapikiwe chai. Unajua alivyonijibu? ‘Jumamosi gani, mama? Mimi iko kazi leo mpaka usiku, treni ya Kisumu imechelewa. Lazarus hajaniambia kitu ya kuoa. Pole, mama. Kwani ni nani anaoa?’ Pole, mama. Mtu ambaye hajawahi kuniona ndiye wa kwanza kunipa pole.”

“Ningemwambia leo.”

“Saa ngapi? Baada ya kiti cha Mukonyo au kabla?”

Saa ya ukutani ilisonga. Wahu akajua kwamba asingejibiwa, na kwamba katika ukimya ule mlikuwa na saa kumi na moja, na saa kumi na mbili, na giza, na mamake akikusanya vikombe ambavyo hakuna aliyevigusa.

“Wewe unafikiri napenda kuwa hivi?” Lazarus alisema ghafla. “Seremala ana mbao. Mfinyanzi ana udongo. Mimi nina nini? Wenzangu wanakaa vyumbani wananakili mapenzi kutoka vitabu vya wengine, na msomaji anajua. Ukurasa wa kwanza tu anajua kwamba huyu hajawahi kusimama akangoja mtu asiyekuja. Mimi sitaki kumdanganya msomaji.”

“Unataka kunidanganya mimi.”

“Kitabu kinabaki, Wahu. Wewe na mimi tutakufa, na Mzee Haron na mbuzi wake. Miaka hamsini kutoka leo mtoto wa mtu atakifungua akukute hapo, hai. Nani mwingine atakupa hivyo?”

“Kanini yuko hai kitabuni?”

“Sana.”

“Na kule Adams?”

Lazarus akageuza uso dirishani.

“Mamangu alizaa sita,” Wahu alisema. “Wa nne alimzaa njiani, kwenye nyasi, mvua ikinyesha. Hakutuzaa ili apate cha kusimulia. Simulizi alikuja nayo baadaye, akicheka, watoto wakiwa wameshiba. Wewe unataka simulizi kwanza, halafu mtu afinyangwe aingie ndani. Mbao haiumwi, Lazarus. Mimi naumwa.”

“Nakupenda.”

“Hilo sikatai.”

Na kweli hakukataa, hapo ndipo palipokuwa na hatari. Kama angemwona ni mwongo mtupu, angekuwa amekwisha shuka ngazi. Lakini mtu aliyeketi kwenye kiti cha wateja alikuwa na machozi, machozi ya kweli, na alipoinuka akaja kuzunguka meza, akapiga goti juu ya zulia la wakili, moyo wa Wahu ulimsaliti ukaenda mbio kama siku ya kwanza.

“Nisikilize,” Lazarus alisema. “Ni saa tano na nusu. Nitakwenda stesheni sasa hivi nimtoe Isaiah kazini kwa nguvu. Tutakodi gari. Saa tisa tutakuwa barazani kwenu, na sura ya ishirini nitaitupa. Mhariri na aende zake. Nipe nafasi hiyo moja.”

Wahu aliutazama utosi wake, mahali nywele zilipojikunja, palipokuwa pake pa kupitisha mkono. Yote yaliwezekana bado. Isaiah angefika na nguo za kazi, wangecheka. Baba angewahesabu wageni kwa macho, angeridhika. Ephantus angerudi kwa ng'ombe wake. Angehitaji tu kusema ndiyo, kisha maisha yake yote, kila akimenya chungwa, kila akifiwa, ajiulize kama mume wake amehuzunika au anahifadhi maneno ya kitabu.

Akakivuta kile kikombe cha chai, akakiweka katikati ya meza.

“Kwetu msichana huulizwa,” alisema. “Wazee wamekaa, uji uko kwenye kibuyu, baba anauliza mbele ya wote: tunywe? Akipokea kikombe akaonja, amekubali. Akikimwaga, hakuna wa kumlazimisha, hata baba. Unaijua desturi hiyo. Umeiandika.”

“Naijua.”

“Niulize wewe. Hapa.”

“Sasa?”

“Sasa. Inuka uniulize kama mtu.”

Lazarus aliinuka. Alijifuta macho kwa mgongo wa mkono wa kushoto. Chumba kilikuwa kimeingia giza la mvua, na uso wake ulikuwa umejaa woga na mapenzi, na Wahu alijua kwamba angalau mara hii hakuyaandika maneno yake kwanza.

“Wahu binti Haron,” alisema, na sauti ikakatika. “Tunywe?”

Wahu alikishika kikombe. Midomo yake ilikuwa inatetemeka. Alihisi uso wake wote ukimponyoka, ukifanya ulichotaka wenyewe. Lazarus alikuwa akiutazama. Hakupepesa. Na mkono wake wa kulia, polepole, kama mnyama anayetoka shimoni, ulikuwa ukipanda kifuani kuelekea mfuko wa shati, palipokaa penseli.

Hata mwenyewe hakujua kwamba ulikuwa ukienda. Hilo ndilo lililomaliza maneno.

Wahu alimgeuzia mgongo.

Alikwenda na kikombe hadi kwenye beseni la kunawia mikono, pembeni ya kabati la hati, akakimimina chote. Chai iliyopoa ilishuka na sauti yake. Alifungua bomba, akakisuuza kikombe, akakifudikiza. Yote hayo aliyafanya akitazama ukuta.

“Wahu?”

Akavua kitambaa shingoni, akajifunga kichwani, akakishusha mbele mpaka kwenye nyusi na kukikutanisha chini ya kidevu, kama wanawake wanavyofanya mvua ikiwa ya upepo.

“Nakala safi na kopi zote mbili zimo kwenye faili,” alisema, bado akitazama ukuta. “Sura ya ishirini sikuipiga. Tafuta mtu mwingine.”

“Ulikuwa unanijaribu.”

“Ndiyo. Nimejifunza kwako.”

“Utamwambia nini mzee? Atakupa Ephantus.”

“Nitamwambia nimemwaga kikombe. Desturi ni yake, hawezi kuikana mbele ya shangazi watatu. Ephantus naye akija, nina mkono wa kumwaga cha pili.” Akachukua mkoba. “Nikifika kabla ya saa saba, nyama itakuwa haijaiva, na viti vitarudishwa kanisani bila mtu kukalia.”

“Nitazame kwanza.” Sauti yake ilikuwa imebadilika; ilikuwa na njaa ndani. “Wahu, tafadhali. Nitazame mara moja tu, kisha uende.”

Alipita ukutani, bega likigusa kabati, kichwa ameinamisha. Akafungua mlango. Ngazi zilikuwa na harufu ya vumbi lililonusa mvua. Alishuka ghorofa ya tatu, ya pili, ya kwanza, mkono ukishika ukuta kwa sababu macho hayakuona tena vidato, na hakusimama mpaka viatu vyake vilipogusa lami.

Matone ya kwanza yalikuwa yameanza, mazito, yaliyotengana. Juu, dirisha la ghorofa ya tatu likafunguliwa kwa kishindo.

“Wahu! Wahu, tazama juu!”

Watu waliojikinga chini ya varanda za maduka waliinua vichwa, wote, wakatazama dirishani. Wahu peke yake hakuinua. Alivuta kitambaa mbele zaidi, akaingia katikati ya mvua, akashika njia ya kwao.